Kompyuta ya Nyumbani Ikianza Kuleta Makosa: Namna ya Kuitibu kwa Zana za Bure, Hatua kwa Hatua

Kompyuta ikianza kugandaganda, wengi wetu jibu huwa liko mdomoni tayari: "Ina virusi." Inapakuliwa antivirusi ya kwanza, isipopata kitu inaongezwa ya pili, juu yake inawekwa programu ya "kusafisha", na jioni mashine iliyokuwa ikichechemea haitembei kabisa.

Nami nimepita humo humo. Nilikuwa na kompyuta ya mezani iliyokuwa ikichukua dakika kumi kuwaka. Nikasoma mahali kwamba amri ya chkdsk hutengeneza diski, nikaiendesha kwa nguvu zake zote, yaani na ile /r mwishoni, nikaenda kulala. Asubuhi nikakuta skrini nyeusi na mlio wa tiki, tiki, tiki kutoka ndani ya boksi. Kumbe diski ilikuwa mahututi tangu mwanzo, nami nimeilazimisha isome kila kipande chake usiku kucha hadi ikakata roho, na picha za miaka sita zikaenda nayo. Amri ilifanya kazi yake sawasawa. Aliyekosea ni mimi, niliyeanza na hatua ya nne kabla ya ya kwanza.

Ndiyo maana mwongozo huu unashikilia sana mpangilio. Zana utakazohitaji karibu zote ni za bure, na nyingi zimo ndani ya Windows tayari, ila kila moja ina zamu yake: nakala za mafaili kwanza, kisha uzima wa vyuma, kisha virusi, kisha mfumo wa Windows wenyewe. Maelezo yanahusu Windows 10 na Windows 11. Ujue tu kwamba Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine iliyobaki huko bila masasisho ya usalama ina mlango mmoja wazi ambao antivirusi peke yake haiwezi kuuziba.

Kabla hujagusa chochote

Ujumbe wa kosa ukitokea, usibofye OK haraka. Upige picha kwa simu. Ile namba inayoanza na 0x ndiyo yenye habari, na maneno mengine yote yanaweza kufanana kati ya makosa kumi tofauti. Kisha jiulize swali ambalo fundi yeyote mzuri atakuuliza: nini kilibadilika kabla ya tatizo kuanza? Programu mpya? Sasisho? Printa? Kompyuta kuanguka?

Kama hukumbuki, kompyuta inakumbuka. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika

perfmon /rel

kisha Enter. Litafunguka dirisha la Reliability Monitor, ambalo sijui kwa nini Microsoft wamelificha hivyo, maana ni kati ya vitu bora walivyowahi kuweka. Utaona grafu ya siku kwa siku yenye alama za uthabiti kuanzia 1 hadi 10, na chini yake duara jekundu lenye X kila siku ambayo kitu kilianguka. Tuseme hadi tarehe 3 mstari ulikuwa juu umetulia. Tarehe 4 kuna alama ya buluu ya taarifa: draiva mpya (programu ndogo inayoendesha kifaa) ya kadi ya picha imesakinishwa. Kuanzia tarehe 5 ni X nyekundu mfululizo. Hapo huhitaji antivirusi yoyote. Bofya kitufe cha kulia kwenye alama ya Windows, ingia Device Manager, fungua kifaa husika, kichupo cha Driver, kisha bonyeza Roll Back Driver. Umemaliza, na hukupakua kitu.

Kama chanzo hakijaonekana, nakili mafaili yako ya thamani kwenda diski ya nje au flashi. Diski ikiwa inatoa mlio wa ajabu, anza na yale ambayo hayapatikani tena popote, kama vile picha na kazi ulizoandika mwenyewe. Filamu na programu ziache mwisho, zinapakuliwa upya.

Kuna jambo jingine hapa ambalo limewaliza watu wengi. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni huja na diski iliyosimbwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, bila mwenyewe kujua. Siku ukiingia kwenye mazingira ya ukarabati, inakudai ufunguo wa tarakimu 48. Uutafute mapema ukiwa umeingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, kwenye anwani ya aka.ms/myrecoverykey, uuandike kwenye karatasi. Usiuhifadhi ndani ya kompyuta hiyohiyo. Hiyo ni sawa na kufungia funguo ndani ya nyumba.

Halafu jaribu Restart. Najua, unasema umeshazima na kuwasha mara tano. Lakini kwenye Windows ya sasa kuzima na kufanya Restart ni vitu viwili. Kipengele cha Fast Startup hufanya Shut down ihifadhi kiini cha mfumo kwenye diski na kukirudisha vilevile unapowasha, pamoja na kasoro zake. Restart ndiyo inayoanza upya kabisa. Makosa ya sauti kupotea, printa kutoonekana na intaneti kukataa huisha hapo mara nyingi kuliko mafundi wanavyopenda kukiri.

Vyuma kwanza, virusi baadaye

Hapa ndipo ningetaka utulie zaidi. Diski inayokufa na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) mbovu huiga dalili za virusi vizuri sana: mafaili kuharibika yenyewe, kompyuta kuganda, skrini ya buluu, programu kujifunga. Ukiskani virusi kwenye diski ya namna hiyo unaichosha bure.

Pakua CrystalDiskInfo kutoka tovuti ya mtengenezaji wake. Ukiifungua tu inakuonyesha afya ya diski kwa rangi: buluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Usiishie kwenye rangi. Kwa diski za zamani zenye sahani zinazozunguka, tazama mistari mitatu kwenye jedwali. Mstari wa 05 unahesabu sekta zilizoharibika na kuhamishwa. C5 unahesabu sekta zilizoshindwa kusomeka na ambazo diski bado haijaamua izifanyeje. C6 ni zile zilizoshindikana kabisa. Thamani ghafi za safu ya mwisho zinatakiwa kuwa sufuri tupu. Namba hizo huandikwa kwa mfumo wa heksadesimali, kwa hiyo ukiona 00000000000A usidhani ni uchafu. Hiyo ni kumi.

Ikiwa C5 au C6 si sufuri, na hasa ikiwa inaongezeka ukiangalia leo na kesho, acha kila kitu. Usiskani, usiendeshe chkdsk, usipange diski upya (defragment). Nakili unachoweza, kisha badilisha diski. Kwa SSD, yaani diski za kisasa zisizo na sahani, mistari hiyo hutofautiana kutoka mtengenezaji hadi mtengenezaji, lakini utaona asilimia ya uhai uliobaki, na hiyo inaeleweka bila mkalimani.

RAM inapimwa na zana iliyomo ndani. Bonyeza Windows na R, andika mdsched, kubali kuwasha upya. Kipimo hiki kinatosha kwa kuanzia, ila huwa kinapitiwa na makosa madogo. Ukiwa na mashaka zaidi, tumia Memtest86+, programu huria unayoiweka kwenye flashi na kuwashia kompyuta kutoka humo. Iache ipige raundi kadhaa, hata usiku mzima. Kosa moja tu likitokea, RAM si ya kuaminika. Kama kuna vipande viwili, toa kimoja, pima, kisha badilisha, hadi umjue mkosaji.

Joto nalo. HWiNFO inakuonyesha nyuzi za kila sehemu. Prosesa ikikaribia nyuzi 95 au 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mtumiaji huona tu kwamba "imekuwa nzito". Laptopu iliyotumika kitandani miaka mitatu, tundu zake zikipumulia kwenye blanketi, huwa na zulia dogo la vumbi mbele ya feni. Hakuna programu inayotoa vumbi.

Na kosa moja la kuchekesha: kivinjari kinakataa kufungua tovuti karibu zote kwa kudai si salama. Kabla hujalaumu virusi, tazama tarehe ya kompyuta. Kama inasema miaka kadhaa nyuma, vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana bado havijaanza kutumika. Rekebisha tarehe. Ikirudi nyuma tena kila ukiichomoa kwenye umeme, betri ndogo ya ubao-mama imekwisha, na mara nyingi ni ile ya duara inayoandikwa CR2032.

Sasa virusi

Vyuma vimethibitika ni vizima? Haya.

Dalili zinazonifanya mimi nishuku virusi kweli ni hizi: kivinjari kubadilisha ukurasa wa kwanza na mtambo wa kutafutia bila ruhusa, kiendelezi (programu ndogo ya nyongeza ndani ya kivinjari) usichokijua ambacho ukikifuta kinarudi, Windows Security kukataa kufunguka, au kompyuta kupiga kelele za feni wakati hakuna unachofanya, halafu kelele ziishe ghafla unapofungua Task Manager. Hiyo ya mwisho ni tabia ya virusi vinavyochimba sarafu za kidijitali, hujificha vikiona vinatazamwa.

Lakini dirisha linalojaza skrini nzima likilia king'ora na kukupa namba ya simu ya "fundi" hilo ni ukurasa wa wavuti tu. Ujumbe halisi wa makosa wa Microsoft haubebi namba ya simu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua kivinjari, End task. Ukikifungua tena usikubali kirudishe kurasa za awali. Kama matangazo ya "kompyuta yako ina virusi 5" yanachomoza pembeni chini, nenda kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, ufute tovuti zote ulizowahi kuziruhusu bila kusoma. Nimeona watu wakinunua antivirusi kwa ajili ya jambo hili la mibofyo minne.

Kwa maambukizi ya kweli, fuata hivi.

Antivirusi ya kudumu iwe moja tu. Windows inayo tayari, Microsoft Defender, na kwa matumizi ya nyumbani inatosha. Ukisakinisha nyingine ya kudumu, Defender hujiweka pembeni yenyewe. Ukisakinisha mbili, zitakuwa zinakaguana zenyewe na kuifanya mashine itambae. Fungua Windows Security, Virus & threat protection, sasisha kwanza orodha ya virusi, kisha Scan options na uchague Full scan. Hii ni kazi ya saa, si ya dakika. Quick scan hugusa sehemu ambazo virusi hupenda kukaa, lakini leo tunatafuta hata wasipopenda.

Ikimaliza, rudi hapohapo uchague skani ya nje ya mtandao, iliyoandikwa Microsoft Defender Antivirus (offline scan). Kompyuta itajiwasha upya na kukagua diski kabla Windows haijapanda, kama dakika 15 hivi. Umuhimu wake ni kwamba baadhi ya virusi vikiwa hai hudanganya antivirusi kuhusu kilichomo kwenye diski. Windows ikiwa imelala, navyo vimelala. Ukirudi, matokeo yako kwenye Protection history.

Kisha tafuta maoni ya pili. Hizi hazikai kudumu, unazitumia na kuziacha. Malwarebytes ina toleo la bure: ukiisakinisha inakupa siku 14 za majaribio ya huduma ya kulipia, baada ya hapo inabaki kuskani tu pale unapoiambia, na ndicho tunachotaka. AdwCleaner, ya kampuni hiyohiyo, haihitaji hata kusakinishwa na ndiyo dawa ya viendelezi na matangazo ya kivinjari. Microsoft Safety Scanner nayo ni faili moja, ila huisha muda siku 10 baada ya kuipakua, kwa hiyo usiihifadhi kwa ajili ya mwaka ujao. ESET Online Scanner ni nyingine ninayoiamini. Chagua moja au mbili kati ya hizo. Zote nne ni woga tu.

Zipakue kwenye tovuti za wenyewe. Ukitafuta jina la antivirusi, matokeo ya juu kabisa huwa ni matangazo, na wahalifu nao hununua matangazo. Kama kivinjari chako tayari kimetekwa, pakua kwa kompyuta nyingine, uhamishe kwa flashi.

Kirusi kikikataa zana zisifunguke, ingia Safe Mode. Shikilia Shift huku ukibofya Restart, kisha Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu namba 4, au 5 kama unahitaji intaneti. Windows itapanda na vitu vya lazima tu na virusi vingi vitabaki nje. Hapa ndipo ile karatasi ya BitLocker inaweza kuhitajika.

Kwa faili moja unalolishuku, kuna VirusTotal. Tovuti hii ilianza mwaka 2004 na Google ikainunua 2012. Unapakia faili hadi megabaiti 650 na linapimwa na antivirusi nyingi kwa mpigo. Antivirusi moja au mbili zisizojulikana zikipiga kelele huku nyingine zote zikinyamaza, yaelekea ni kosa la kipimo. Zikipiga kelele ishirini, futa. Usipakie mikataba, vyeti au picha za familia humo, kwa sababu mafaili yanayopakiwa huonekana na watafiti wengine.

Flashi iliyogeuka njia za mkato

Hili nalipa nafasi yake kwa sababu halijaisha, miaka nenda miaka rudi. Unachomeka flashi, folda zako zote zimekuwa njia za mkato zenye mshale mdogo kwenye kona, au kuna njia moja tu yenye jina la flashi yenyewe. Usiibofye. Mafaili yako hayajafutwa, yamefichwa tu, na ile njia ya mkato ndiyo mtego: ukiibofya inafungua folda yako kweli, ili usishuku, huku ikiendesha kirusi nyuma ya pazia.

Safisha kompyuta kwanza kwa hatua za juu. Ukianza na flashi ndani ya kompyuta chafu, itachafuka tena kabla hujaitoa. Kisha tazama flashi imepewa herufi gani, tuseme E, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) na uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Herufi h, r na s zenye alama ya kutoa zinaondoa hali ya kufichwa, ya kusomwa tu na ya kuwa faili la mfumo. /S na /d zinaifanya amri iingie ndani ya kila folda. Fungua flashi tena. Folda zako zitakuwa zimerudi, wakati mwingine ndani ya folda moja isiyo na jina. Nakili vilivyo vyako tu. Faili lenye mwisho wa .lnk, .vbs au .js ambalo hukuliweka wewe lifute, kisha fomati flashi na uirudishie vitu vyako.

Baada ya kirusi kuondoka

Skani kuonyesha sufuri hakumaanishi umemaliza. Ingia Settings, Network & internet, Proxy, uhakikishe hakuna proksi (kituo cha kati ambacho intaneti yako hupitia) iliyowashwa usiyoijua; virusi vya kivinjari huiacha pale na baadaye unahangaika kwa nini intaneti haifanyi kazi wakati Wi-Fi iko sawa. Kisha pakua Autoruns, moja ya zana za Sysinternals ambazo Microsoft ilizinunua mwaka 2006. Inaorodhesha kila kitu kinachojiwasha na Windows, na kweli ni kila kitu, kwa hiyo kwenye Options ficha vya Microsoft ili ubaki na vinavyohitaji macho. Mstari wa njano ni wa faili ambalo halipo tena, mara nyingi ni mabaki ya programu uliyoifuta. Wa waridi ni wa faili lisilo na saini ya mtengenezaji iliyothibitishwa. Si lazima liwe baya, ila lihoji. Ondoa tiki badala ya kufuta. Ukikosea, unairudisha.

Kuna aina ya virusi ambayo kazi yake ni kuchota nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na kuondoka. Kwa hiyo badilisha nywila za barua pepe na benki kwa kutumia kifaa kingine kilicho safi, na uchague kuondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Ukibadilisha nywila tu bila kuviondoa, mwizi mwenye kikao kilicho wazi anaweza kubaki ndani.

Kama mafaili yamefungwa na mtu anadai malipo, usiyafute. Tembelea No More Ransom, mradi ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama. Unapakia sampuli ya mafaili yaliyofungwa, tovuti inakuambia ni kirusi gani na kama kuna funguo ya bure. Ikiwa bado haipo, yaweke kwenye diski ya pembeni. Funguo nyingine hupatikana baada ya miezi.

Kuukarabati mfumo

Virusi vimeondoka, au havikuwepo kabisa, lakini makosa yanaendelea. Tafuta Command Prompt, bofya kitufe cha kulia, Run as administrator, kisha:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Ikiisha:

sfc /scannow

Wengi huanza na sfc. Hiyo sfc inabadilisha mafaili mabovu ya Windows kwa nakala nzima kutoka ghala la ndani. DISM ndiyo inayokarabati ghala lenyewe kwa kuchota vipande kutoka Windows Update. Ghala likiwa bovu, sfc itapaka viraka vibovu au ikiri imeshindwa. Asilimia zikisimama mahali pamoja muda mrefu, usifunge dirisha. Kapige pasi. Sfc ikisema imekuta mafaili mabovu na kuyarekebisha, fanya Restart uiendeshe tena hadi iseme hakuna kasoro.

Sasa, na sasa tu, ndipo zamu ya chkdsk. Anza na ya upole, chkdsk C: /scan, inayokagua bila kusimamisha kazi. Ikikuta kasoro, chkdsk C: /f itapanga ukarabati wakati wa kuwasha. Ile /r nimeshaisimulia.

Masasisho yakigoma kila siku kwa kosa lilelile, mara nyingi ni folda yake imeharibika. Kwenye Command Prompt hiyohiyo ya msimamizi:

net stop wuauserv
net stop bits
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old
net start bits
net start wuauserv

Windows itaunda folda mpya na kupakua upya. Ile ya zamani ifute baada ya masasisho kupita.

Programu au mchezo ukisema VCRUNTIME140.dll haipo, usiende kwenye tovuti zinazogawa mafaili ya DLL moja moja. Hujui walichochanganya humo. Faili hilo ni sehemu ya Visual C++ Redistributable, inapatikana bure kwa Microsoft. Sakinisha zote mbili, ya x86 (ya biti 32) na ya x64 (ya biti 64), kwa sababu hata kwenye Windows ya biti 64 programu nyingi bado zinaitumia ya kwanza.

Skrini ya buluu (kwenye matoleo mapya ya Windows 11 imegeuka nyeusi) huandika jina la kosa. MEMORY_MANAGEMENT inakurudisha kwenye kipimo cha RAM. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni malalamiko ya vyuma: joto, umeme, au prosesa iliyoongezwa kasi kupita kiasi. INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE ni Windows kushindwa kuifikia diski yake. Kama ilipotea kabla hujaisoma, BlueScreenView ya NirSoft husoma kumbukumbu zilizo kwenye folda ya Minidump ndani ya Windows na kukuonyesha draiva iliyohusika. Draiva ileile ikitajwa mara tatu, umempata.

Intaneti ikikataa kwenye kompyuta hiyo moja wakati simu inapata: ipconfig /flushdns, kisha netsh winsock reset, kisha Restart.

Uzito usio ugonjwa

Kompyuta nyingine haiumwi, imebebeshwa. Task Manager, kichupo cha Startup apps, zima kila kisichohitajika kuwaka chenyewe. Kukizima hapo si kukifuta. Kichupo cha Processes, bofya juu ya safu ya Disk au Memory, uone nani anakula. Diski ya C ikiwa imejaa hadi ukingoni, WizTree au WinDirStat itakuchorea kilichojaza, na mara nyingi ni folda ya Downloads na video zilizosahaulika. Folda ya WinSxS, ambayo ni ya mafaili ya Windows yenyewe, usiiguse kwa mkono hata ikionekana kubwa. Tumia Storage iliyo kwenye Settings. Kupanga diski upya ni kwa zile za sahani tu. SSD hainufaiki na kupangwa, na Windows inaitunza yenyewe kwa njia nyingine.

Programu za kusafisha rejista (daftari la mipangilio ya Windows) siziweki kwenye kompyuta yangu. Microsoft haiungi mkono matumizi yake, na faida ya kufuta vistari mia vya rejista haionekani kwa jicho. Hata zile zenye jina zina hatari yake: mwaka 2017 wadukuzi waliingia kwa watengenezaji wa CCleaner wakaweka kirusi ndani ya toleo la 5.33, likapakuliwa kwenye kompyuta zaidi ya milioni mbili likiwa na saini halali ya kampuni. Kila programu unayoongeza ni mlango, basi ongeza michache.

Ikishindikana yote

Kuna ngazi tatu, panda moja baada ya nyingine. Ya kwanza ni System Restore: Windows na R, andika rstrui, chagua siku ambayo mambo yalikuwa sawa. Haigusi mafaili yako, inarudisha nyuma programu, draiva na mipangilio. Ya pili ni Reset this PC iliyoko Settings, System, Recovery (kwenye Windows 10 ni Settings, Update & Security, Recovery). Ukichagua Keep my files mafaili yanabaki, lakini programu zote ulizosakinisha zinaondoka, kwa hiyo andika orodha yake kwanza na utafute leseni za zile za kulipia. Ya tatu ni kusakinisha upya kabisa: Media Creation Tool ya Microsoft na flashi tupu ya angalau gigabaiti 8, iliyoandaliwa kwenye kompyuta nyingine iliyo safi. Kwa mashine iliyokuwa na kirusi sugu, mimi huruka moja kwa moja hadi hapa. Kompyuta ikiwa kuukuu kiasi cha kukataliwa na Windows 11, Linux Mint ni ya bure, inapanda kutoka kwenye flashi, na unaweza kuijaribu bila kugusa diski.

Ukishamaliza na kabla hujarudisha programu hata moja, tafuta Create a restore point kwenye menyu, bofya Configure, uwashe ulinzi wa diski ya C, maana mara nyingi huja umezimwa. Bonyeza Create, uipe nukta hiyo jina na tarehe.